Njia nane za kuvuka: mzee wako anapoanza kuuogopa mtaa wake

Huenda umeliona hili nyumbani kwako bila kulipa jina. Mama yako, au mama mkwe, au bibi uliyemleta mjini akae nawe, alikuwa akienda sokoni mwenyewe. Kisha akaanza kuishia duka la jirani. Kisha akawa anamtuma mtoto. Sasa anakaa barazani tangu asubuhi, na ukimuuliza kama anaumwa anasema, "Hapana mwanangu, sina kitu, nimechoka tu." Nawe kwa upendo kabisa unamjibu, "Basi mama, pumzika. Usitoke, barabara siku hizi ni hatari."

Jibu hilo ndilo tunalotaka tulitazame pamoja. Si la uongo, kwa maana barabara ni hatari kweli. Lakini kila siku mzee anayobaki ndani inapunguza uwezo wake wa kutoka kesho yake, mpaka hatari ya barabara inahamia nyumbani. Wazee wengi huanguka kati ya kitanda na choo, na aliyekaa miezi bila kutembea ndiye anayeanguka vibaya zaidi.

Hapa tutazungumzia zaidi Dar es Salaam, kwa sababu ndiyo tunayoijua na ndiyo iliyobadilika kwa kasi. Kama uko Mwanza, Arusha, Mombasa au Nairobi, utatambua mengi.

Je, hofu yake ina msingi?

Ndiyo. Anza kwa kumkubalia hilo kabla ya kumpa ushauri wowote.

Chukua Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha. Miaka michache iliyopita ilikuwa ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mwaka 2017 nyumba na maduka yaliyokuwa kando yake yalibomolewa, na baadaye kipande cha kilomita 19.2 kikapanuliwa kuwa njia nane. Kwa mwenye gari ni nafuu kubwa, hakuna ubishi. Foleni ya Mbezi ya zamani kila mtu anaikumbuka.

Sasa mtazame bibi wa miaka 73 anayeishi upande mmoja wa Kimara Stop Over, na rafiki yake wa miaka thelathini anaishi upande wa pili. Njia moja ya gari ina upana wa kama mita 3.5. Njia nne za upande mmoja ni mita 14. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 uliwapima watu wenye miaka 65 na zaidi, ukakuta wastani wa mwendo wa wanaume ni mita 0.9 kwa sekunde na wa wanawake mita 0.8, wakati taa za kuvukia za huko zilikuwa zimepangwa kwa mtu anayekwenda mita 1.2. Tumia kipimo hicho kwa bibi yetu. Mita 14 zitamchukua sekunde 17 na zaidi, na hapo amefika katikati tu. Gari linalotii mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi, hukata takriban mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo ili avuke salama bila mtu kumsimamia, gari la karibu zaidi linatakiwa liwe mbali zaidi ya mita 240 anapoweka mguu barabarani. Hiyo ni zaidi ya urefu wa viwanja viwili vya mpira. Na hilo ni gari linalotii sheria.

Je, jicho lenye mtoto wa jicho linaweza kupima umbali huo? Haliwezi. Kwa hiyo bibi anaposema "naogopa ile barabara," amefanya hesabu yake na amepata jibu sahihi.

Barabara nyingine kubwa za jiji zimepanuliwa pia kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi: Kilwa kwenda Mbagala, Nyerere kwenda Gongo la Mboto. Mwendokasi yenyewe, tangu ilipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, ina jambo moja ambalo wazee wanalisifu tukiongea nao: sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, hakuna ngazi ya kuparamia kama kwenye daladala. Tatizo ni msongamano wa asubuhi na jioni, na tatizo kubwa zaidi ni kukifikia hicho kituo kilicho katikati ya barabara.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mtaa ukibomolewa, mzee hupoteza ramani iliyo kichwani mwake. Alikuwa anakata kona kwenye mwembe, anapumzika kwa mama anayeuza vitumbua, anajua shimo liko wapi. Vijana hujifunza mtaa mpya kwa wiki moja. Mwenye miaka 75 anahitaji muda mrefu zaidi na mtu wa kupita naye mara kadhaa, na ukimuona anababaika kwenye kona ambayo wewe unaiona ya kawaida usikimbilie kudhani anapoteza kumbukumbu. Huenda kona imebadilika kweli.

Na wamachinga je? Mwishoni mwa mwaka 2021 waliondolewa kando ya barabara na kupangiwa maeneo. Wengi walifurahi kwamba njia za waenda kwa miguu zimefunguka. Zilifunguka, kisha sehemu nyingi zikajaa tena, safari hii na bodaboda ndani yake. Tunawaelewa wenye kulalamika, lakini tukiri upande wa pili pia. Meza ya machinga inaziba njia, na mwenye meza hiyohiyo ndiye anayempa mzee kigoda akae, anayepiga kelele "dada, mshike huyo mama," na anayejua anakaa nyumba gani. Njia tupu isiyo na mtu wala kivuli si rafiki wa mzee.

Hofu inavyofanya kazi mwilini

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu 684,000 hufariki kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wanaoathirika zaidi ni wenye zaidi ya miaka 60. Na Tanzania wazee wanaongezeka: Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 3.5 wenye miaka 60 na zaidi.

Kuanguka kunaumiza mara moja. Hofu ya kuanguka huumiza kila siku, na inampata hata ambaye hajawahi kuanguka. Inatosha amemwona jirani akivunjika nyonga. Anaanza kutembea kwa hatua fupi, macho chini, mwili umekakamaa kama mtu anayepita kwenye tope. Mwendo huo unamwangusha kirahisi zaidi kuliko mwendo wake wa kawaida. Anapunguza safari. Misuli ya mapaja inapungua. Anayumba kidogo akiinuka. Yule kuyumba kunamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Misuli ya mzee huondoka haraka kuliko tunavyodhani. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wazee 12 wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10 tu. Kukaa barazani si sawa na kulala kitandani, lakini mzee aliyelazwa kwa malaria au nimonia kisha akarudi nyumbani na kuambiwa "pumzika" kwa mwezi mzima anakaribia sana hali hiyo. Wengi wa wale tunaosema "tangu alipolazwa hajawa yule tena" hawakumalizwa na ugonjwa. Walimalizwa na mapumziko ya baada yake.

Hapo ndipo sisi walezi tunapoingia. Barabara hatuwezi kuibomoa. Umri hatuwezi kuurudisha nyuma. Neno "usitoke" tunaweza kulibadilisha leo jioni.

Kabla ya kumtoa, mchunguze

Usimwambie tu "twende." Kwanza muulize maswali matatu, kwa upole na mkiwa wawili, si mbele ya wakwe au watoto: Katika mwaka huu umeanguka? Unahisi kuyumba ukisimama au ukitembea? Unaogopa kuanguka? Jibu la "ndiyo" hata kwa moja ni sababu ya kumpeleka akapimwe. Ujue kwamba wazee wengi hufuta kuanguka kwao. "Nilijikwaa tu." "Niliteleza, sikuanguka." Muulize kwa njia nyingine: "Mama, kuna siku ulijikuta chini?"

Kisha fanya kipimo ambacho wataalamu wa viungo hutumia na hakihitaji kifaa chochote ila kiti na simu yenye saa. Weka alama mita tatu kutoka kwenye kiti. Mzee akae, ameegemea. Ukisema "haya," anainuka, anatembea mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, anageuka, anarudi, anakaa. Simama karibu naye. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka na anahitaji mazoezi ya miguu kabla ya safari ndefu. Andika namba hiyo mahali. Baada ya miezi miwili utataka kuilinganisha.

Kliniki, omba mambo manne yaangaliwe, kwa sababu mara nyingi mzee hupimwa presha akiwa amekaa, anapewa dawa, anaondoka.

La kwanza ni presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika tatu. Kama namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndiyo maana anaona giza akiinuka. Dawa inaweza kuhitaji kurekebishwa. Usiikate mwenyewe.

La pili ni dawa zote anazomeza, pamoja na zile za duka la dawa. Zifunge kwenye mfuko uende nazo. Dawa za usingizi zinaongoza kwa kuangusha wazee, na hata zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi zinaweza kumfanya apepesuke hadi mchana wa kesho yake.

La tatu ni macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na watu wanaorudi kutoka kwenye upasuaji huo wakiwa wanaona wanarudi pia mitaani. La nne ni nyayo, hasa kama ana kisukari. Mguu wenye ganzi hausikii ukingo wa lami wala jiwe lililolegea, na hausikii kidonda.

Na viatu. Hapa tutakuwa wakali kidogo: ndala si kiatu cha kutembelea. Inamlazimisha mzee akunje vidole kuishika na kuburuza mguu. Mtafutie kiatu kilichofunga kisigino, soli nyembamba isiyoteleza. Kanga au kitenge kiishie juu ya kifundo cha mguu, kisiburuze.

Mkongojo, na aibu yake

Wazee wengi wa kike watakubali kushikwa mkono na mjukuu lakini watakataa mkongojo. "Unataka watu waseme nimekuwa kikongwe?" Usibishane. Wengine huukubali ukiitwa fimbo ya kufukuzia mbwa, na kwa kweli hiyo ni kazi yake nyingine. Mwavuli wa mpini mrefu hauwi badala yake, kwa sababu haukuundwa kubeba uzito wa mtu.

Urefu wake upimwe akiwa amesimama wima na viatu vyake, mikono imening'inia: kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Mrefu sana unamnyanyua bega, mfupi unamwinamisha. Chini uwe na mpira, na mpira ukiisha ubadilishwe kama unavyobadilisha tairi. Ashike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma. Hili linawachanganya karibu watu wote, nasi tumewaona hata wahudumu wakiwaelekeza wagonjwa kinyume. Mguu unaouma na mkongojo huenda mbele pamoja.

Kurudisha hatua, moja baada ya nyingine

Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi mkubwa uliounganisha majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 wanaoishi majumbani mwao, si hospitalini. Mazoezi yalipunguza matukio ya kuanguka kwa asilimia 23. Mazoezi yaliyofanya kazi vizuri zaidi ni ya kusimama sawasawa na ya nguvu za miguu. Kutembea peke yake, bila hayo, hakukuonekana kutosha.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza fanyeni kazi nyumbani. Akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke na kukaa mara 5, polepole, bila kusukuma kwa mikono kama anaweza. Siku anazozoea, mara 10. Kisha ashike meza nzito au ukingo wa karo, ainuke kwa vidole vya miguu, ashuke. Asimame mguu mmoja mbele ya mwingine kama anayepita kwenye ubao mwembamba, ahesabu hadi 10 huku ameshika. Siku tatu kwa wiki au zaidi. Ukimwona anapika ugali amesimama, anafua akiinama na kuinuka, usimnyang'anye kazi hiyo kwa heshima. Ni mazoezi. Akiumwa kifua, akikosa pumzi au akipata kizunguzungu, aache na aonwe na daktari.

Kisha mlango. Chagua safari anayoitaka yeye, si unayoitaka wewe. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika. Mzee hatafanya juhudi ya wiki sita ili "apate mazoezi." Atafanya ili afike kwenye vikoba, kwenye jumuiya, msikitini, kwa shoga yake, au akachague mwenyewe samaki badala ya kuletewa waliolegea macho.

Ikate safari hiyo vipande. Tuseme anataka kufika gengeni, mwendo wa dakika 10 kwako, 20 kwake. Siku za kwanza mwende hadi duka la Mangi tu, mkae kwenye benchi, mrudi. Mkirudi usiseme "unaona, umeweza," kama unamsifu mtoto. Muulize ni wapi palimtia wasiwasi. Atakuambia: pale mtaro ulipokosa mfuniko, pale bodaboda wanapokata kona. Kesho mpite palepale polepole, mara mbili. Mtu huacha kuogopa mahali kwa kupapita na kutoka salama, mara nyingi, akiwa ameamua mwenyewe. Kubebwa hakumfundishi mwili wake kitu.

Mnapotembea, usimkamate juu ya mkono wala kumvuta. Mpe kiwiko chako ashike yeye, ili awe na uwezo wa kuachia. Kaa upande wa magari. Nenda mwendo wake, na msiongee mambo mazito mkifika penye shimo. Wazee wengi husimama ili wajibu swali, kwa sababu kutembea na kufikiri kwa pamoja kumekuwa kazi mbili. Kisha punguza msaada: mtembee ubavu kwa ubavu bila kushikana, halafu wewe nyuma hatua chache, halafu akutangulie mkutane gengeni. Siku atakayokwenda peke yake utaumia tumbo kwa wasiwasi. Vumilia, na awe na simu yenye chaji.

Saa ni jambo la kupanga pia. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana mabasi yana nafasi, lakini jua ni kali, kwa hiyo kofia au mwavuli na maji. Usiku na mvua viache. Maji ya mvua yakifunika mtaro hakuna anayejua barabara inaishia wapi, kijana wala mzee.

Kuvuka

Turudi kwenye zile mita 14. Ushauri wetu ni kwamba barabara ya njia nane mzee asivuke peke yake pasipo na taa, trafiki au kivuko cha juu, hata kama atalazimika kuzunguka. Kivuko cha juu nacho kina ngazi au mteremko mrefu wa kuchosha, na ndiyo maana unawaona watu wazima wakikatiza chini yake. Kwa anayeumwa magoti, bajaji inayozunguka hadi upande wa pili ni pesa iliyotumika vizuri. Bajaji, si bodaboda: anaingia kwa ubavu, anakaa, na hahitaji kumkumbatia dereva.

Barabara za kati za mtaani anaweza kujifunza tena. Kwetu magari hutoka kulia kwanza, kwa hiyo kulia, kushoto, kisha kulia tena. Asubiri wenzake avuke katikati yao. Asianze kuvuka kati ya magari yaliyoegeshwa, dereva hamwoni. Asiamini mkono wa dereva mmoja aliyesimama kwa hisani, kwa sababu bodaboda anapita ubavuni mwa gari hilo bila kujua kwa nini limesimama. Akifika katikati penye kisiwa apumzike. Kuvuka mara mbili ni bora kuliko kukimbia mara moja.

Jambo ambalo hatakuambia

Wanawake wengi wa umri mkubwa hawaogopi barabara kama wanavyoogopa kubanwa na mkojo mahali pasipo na choo. Wanapanga maisha yao yote kuizunguka aibu hiyo. Mama anaacha kwenda kanisani, familia inadhani ni magoti, kumbe ni kikohozi kimoja kilichomwaibisha mbele ya kwaya.

Muulize wewe, ukiwa binti au mkaza mwana, kwa siri. Mwambie linawapata wengi waliozaa na kwamba lina tiba. Zoezi lenyewe: akaze misuli ya chini kama anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, ahesabu hadi 5, aachie, arudie mara 10, mara tatu kwa siku. Matokeo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi mitatu. (Wewe uliyejifungua mwaka jana, zoezi hili ni lako pia.) Kama anatumia dawa ya presha inayomkojosha sana, mwulizeni daktari kama siku ya safari anaweza kuimeza akisharudi. Asiache kunywa maji ili asikojoe, maana kukauka mwili ndiko kunakoleta kizunguzungu. Na mjue vyoo vya njiani kabla ya safari: msikiti, kanisa, kituo cha mafuta, zahanati.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee baada ya kuwasikiliza wazee katika miji 33 duniani, Nairobi ikiwemo. Vyoo, mahali pa kukaa na njia nzuri za miguu vilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyataja. Kwa hiyo bibi wa Kimara hayuko peke yake.

Lini asitoke mwenyewe?

Kuna hali ambazo hofu inabidi isikilizwe kama kengele. Ameanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka. Amezimia. Mwendo wake umebadilika ghafla ndani ya siku chache, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, maneno yanamtoka vibaya: hiyo inaweza kuwa kiharusi, ni hospitali sasa hivi, si kesho. Amepotea njia anayoijua kwa miaka. Huyu wa mwisho hahitaji kufungiwa, anahitaji mwenzake wa kutembea naye kila mara, kikaratasi chenye namba yako ya simu mfukoni, na majirani wanaojua. Waambie vijana wa kijiwe cha bodaboda wazi: "Huyu ni mama yangu, mkimwona anapita ule mti peke yake nipigieni." Watu wengi wanawaogopa vijana hao. Lakini wao ndio wanaokaa mtaani kutwa nzima.

Mtaro usio na mfuniko ni wa nani?

Mambo mengine familia haiwezi kuyamaliza, nayo yana mwenyewe. Barabara kuu kama Morogoro na Kilwa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ukipeleka ombi la mfuniko wa mtaro wa mtaani kwa TANROADS litazunguka tu. Mlango wa kuanzia ni ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti, na mkutano wa wakazi. Mitaa mingi ina baraza la wazee pia, ambalo mara nyingi huitwa kwenye sherehe na kusahaulika kwenye mipango.

Maombi yanayosema "barabara zetu ni mbovu" hayajibiwi kwa sababu hayana anwani. Peleka jambo moja: mfuniko mmoja, mbele ya nyumba fulani, njia ya kwenda zahanati, wazee wanaopita hapo ni hawa, na mwezi uliopita mmoja aliingia mguu. Piga picha. Mradi wa kuboresha jiji ulioanza mwaka 2015, unaojulikana kwa kifupi kama DMDP, ulijenga barabara, mitaro na taa katika kata nyingi za Kinondoni, Ilala na Temeke, kwa hiyo si kweli kwamba mitaa ya ndani haiguswi kamwe. Mipango ikianza kwenye mtaa wako, siku ya wananchi kutoa maoni ndiyo siku ya kuuliza kama mfuniko na benchi vimo.

Nenda na mzee mwenyewe. Mpe kiti cha mbele, mwache aongee yeye, usimmalizie sentensi. Kama ofisi ya mtaa iko mbali kidogo, anzeni kuifanyia mazoezi wiki tatu kabla: leo hadi duka la Mangi, wiki ijayo hadi kwenye kona, ile nyingine hadi kwenye ngazi za ofisi, muangalie kama zina mahali pa kushika.